Kwa Mhariri: Ile muvi mliyosema haina kitu, mdogo wangu kaiona mara nne

Ndugu Mhariri, habari za kazi,

Naandika kuhusu ule uchambuzi wenu wa ukurasa wa burudani, wa ile muvi ya bajeti ndogo ya binti mwenye ugonjwa wa wasiwasi, jina lake mlishaliandika wenyewe kwa herufi kubwa kwa hiyo mi sina haja ya kulirudia. Mchambuzi wenu kasema vitu vitatu ambavyo vimenikaa kooni tangu nivisome. Kwanza kasema muvi nzima hakuna kinachotokea. Halafu kasema binti anajiendekeza tu, angekutana na shida za kweli angepona siku hiyo hiyo. Halafu kuna ile sini binti anaangalia vidole vyake karibu dakika nzima, hapo mchambuzi kaona dairekta kaishiwa, anajaza muda.

Sasa mi si mtu wa sinema, mi fundi simu, nashinda na bisibisi na lenzi jichoni. Na si daktari pia. Ila nina mdogo wangu wa kike ambaye ana hiyo hali tangu anasoma sekondari, leo ana miaka 26, na nisiwe mnafiki, hayo maneno ya mchambuzi wenu karibu yote nimeshayasema mimi, kwa mdomo wangu huu, tena yeye akiwa amekaa mbele yangu. Kwa hiyo sijaja kumshambulia mtu. Kiti alichokalia nimekikalia miaka na miaka, nakijua.

Muvi yenyewe aliileta mdogo wangu. Alikuwa ameshaiona mara mbili peke yake na hakuniambia, akasema tu kaka leo naomba usishike simu. Nikashika. Dakika ya 20 hivi nishachoka, binti kaamka, kapiga mswaki, kaenda kazini kwake ambako anapokea simu za wateja kwa sauti tamu kabisa, karudi, kalala anaangalia dari, basi, mi nasubiri nani atakufa maana muvi za hivi najua lazima mtu afe. Nikatoa simu mfukoni. Na hapo ndo nikagundua kitu. Mdogo wangu akikaa, mguu wake wa kulia hautulii, unakwenda kama wa mtu anayekanyaga cherehani, nyumbani tulishazoea, ukiweka glasi ya maji mezani alipo yeye unajua maji yatacheza. Siku hiyo mguu umetulia. Kimya kabisa. Nikarudisha simu mfukoni bila kuambiwa.

Ilikuwa ni ile sini ya mlango, ambayo mchambuzi wenu hata hakuigusa na mi naona ndo moyo wa muvi yote. Binti kaalikwa kwa rafiki yake, kavaa, kapendeza, begi begani, funguo mkononi. Kamera iko nyuma yake, haisogei, haina haraka. Anashika kitasa, anaachia, anarudi jikoni kuangalia kama jiko limezimwa, limezimwa, anarudi mlangoni. Anashika kitasa. Anarudi tena jikoni, safari hii anaweka kiganja juu ya jiko aone kama lina moto, la baridi. Mara ya tatu anatoa simu analipiga picha lile jiko, ili akiwa njiani roho ikimruka aangalie picha. Hapo mdogo wangu akacheka, kicheko kidogo cha puani, nikamgeukia, akafungua simu yake akanipa. Picha za jiko. Za pasi iliyochomolewa. Za kufuli la mlango. Nyingi jamani, nyingine za miaka miwili nyuma. Na simu ile nimeitengeneza mimi mwenyewe mara mbili, nikahamisha mafaili yake yote kwa mkono wangu, zile picha niliziona nikadhani kabonyeza kwa bahati mbaya.

Halafu kwenye muvi friji inazima. Hujui kama ilikuwa inanguruma mpaka inyamaze, ndo unashtuka kumbe huo mlio umekuwa nao tangu sini ianze. Binti anakaa chini pale pale mlangoni, anavua viatu, kimoja, kingine, anavipanga vizuri. Kwisha. Hakuna muziki, hakuna neno hata moja. Kwa hiyo mchambuzi wenu hajadanganya, kweli hakuna kilichotokea, sherehe haikutokea, safari haikutokea, rafiki kamsubiri kachoka. Sa si ndo ugonjwa wenyewe huo?

Kwangu kila siku analetwa mgonjwa wa aina hii. Mteja anakuja na simu inayomaliza chaji ikiwa imelala mezani, anakwambia fundi sijaigusa tangu asubuhi, hii betri mbovu. Unafungua unakuta betri haina tatizo, ila kuna programu huko chini haijawahi kulala, inatafuta mtandao, inatafuta ulipo, inatafuta tena, skrini nyeusi lakini simu ya moto. Ukiitazama huwezi kujua, mpaka uishike. Mi nadhani dairekta wa hii muvi alichotaka ni hicho tu, tuishike simu ikiwa imezimwa skrini. Sasa mtu akikaa nje anasubiri skrini iwake ataondoka amechoka, na hapo simlaumu sana maana trela nayo ilidanganya, trela ilikatwa kama muvi ya kutisha.

Tuje kwenye vidole. Sini ile binti yuko kwenye foleni ya kulipia vitu, mbele yake watu wawili, hakuna lolote la hatari, na paniki inamkuta hapo hapo. Muvi nyingi zingetikisa kamera, zingeweka vinanda vya kupiga kelele, staa angeshika kifua aanguke. Hapa kamera imetulia kwenye mkono, na sauti ya mama wa mbele anayetafuta chenji inaanza kwenda mbali kana kwamba anaongelea chini ya godoro. Na binti anaviangalia vidole. Mchambuzi kauliza anaangalia nini. Mi nilimuuliza mdogo wangu swali hilo hilo akanieleza, baadaye mshauri wake akanieleza vizuri zaidi: mtu akishikwa na paniki anapumua haraka na juu juu, anatoa kaboni dioksaidi nyingi kuliko mwili unavyotengeneza, ikipungua kwenye damu basi kichwa kinakuwa chepesi, midomo na vidole vinaanza kuchomachoma na kufa ganzi, wengine vidole vinajikunja vyenyewe. Yaani binti anaangalia vidole vyake kwa sababu havisikii. Anahakikisha kama bado ni vyake. Mdogo wangu yeye alikuwa anavihesabu, kimoja kimoja, kwa kidole gumba.

Kuna Mmarekani mmoja mtaalamu wa mambo ya mwili, Walter Cannon, mwaka 1915 alitoa kitabu akieleza mwili unavyojiandaa mtu akiogopa au akikasirika, adrenalini inamwagika, moyo unaongeza spidi, damu inapelekwa kwenye misuli, yote hiyo ili upigane au ukimbie. Huyu binti mwili umeshajiandaa kukimbia, umewasha kila kitu, na mbele yake kuna mama anatafuta chenji. Aende wapi? Anabaki amesimama na injini inaunguruma. Na shambulio kama hilo kawaida linafika juu kabisa ndani ya dakika chache, mara nyingi hazizidi 10, ndo linaanza kushuka, kwa hiyo hiyo dakika moja mchambuzi aliyoilalamikia dairekta kamhurumia, angeweza kumpa zote.

Ile ya hospitali ndo iliyonimaliza mimi. Binti anaenda usiku, anapimwa moyo, karatasi inatoka na ile mistari ya kupanda na kushuka, daktari anaiangalia anasema moyo wako mzima, huna kitu, nenda kapumzike. Na binti analia. Mtu anayeangalia haraka atadhani analia kwa furaha.

Sisi tulishaenda usiku kama huo. Mdogo wangu alikuwa na miaka 19, akaamka saa nane usiku anasema anakufa, kifua kimebana, mkono umekufa ganzi, jasho linamtiririka, mi nikaendesha gari kama mwendawazimu, taa nyekundu nikazipita mbili. Hospitali sitaitaja. Wakambandika waya kifuani, wakampima damu, wakatuambia hana kitu. Walifanya sahihi kumpima, mtu akisema kifua kinabana lazima upime kwanza, hilo silipingi hata kidogo, wangemwambia ni wasiwasi bila kupima ndo ningewagombeza. Ila sentensi waliikata katikati. "Huna kitu" basi, karatasi hii hapa, kwaheri. Hakuna aliyesema si moyo ila ni hiki, na hiki kina jina, na kina watu wanaokitibu. Na mi kwenye gari wakati wa kurudi, hofu ishanitoka imebaki hasira, nikamwambia umetutisha bure. Neno bure nilirudia. Yeye katazama dirishani njia nzima. Miaka imepita mingi ndo akaja kuniambia kwamba usiku ule alipokuwa kalala na waya zake alikuwa anaomba wakute kitu, hata kiwe kibaya, mradi tu kiwepo.

Sa niambie mhariri, mtu anayejiendekeza anaomba akutwe na ugonjwa wa moyo?

Na kama ni kujiendekeza basi dunia imejiendekeza kwa wingi, maana Shirika la Afya Duniani lilihesabu mwaka 2019 watu milioni 301 wenye magonjwa ya wasiwasi, na wanasema kwenye matatizo yote ya akili hili ndo linaongoza kwa wingi, na katika kila watu wanne wanaohitaji matibabu ni kama mmoja tu anayeyapata. Wanawake ni wengi kuliko wanaume, na mara nyingi inaanza utotoni au ujana, kwa hiyo binti wa kwenye muvi hakuchaguliwa ili apendeze kwenye bango. Ingawa, na hili naliweka pembeni, natamani siku moja mtu atengeneze kama hii ya mwanaume, maana wapo, ila wenyewe watakwambia ni presha, au kazi nyingi, au watu wananiudhi.

Kuna kitu kingine nilitegemea gazeti la Kiswahili litakisema na hamkukisema, ni yale maandishi ya chini ya skrini. Muvi imetafsiriwa, na aliyetafsiri kajitahidi, ila kila mahali kaweka neno moja, wasiwasi. Rafiki yake anamwambia usiwe na wasiwasi. Mama yake kwenye simu, usiwe na wasiwasi mwanangu. Bosi, hakuna wasiwasi, chukua siku mbili. Halafu daktari wa akili anakuja kumwambia una ugonjwa wa wasiwasi. Nilicheka peke yangu mpaka mdogo wangu akauliza nini. Ni kwamba kwa lugha yetu hawa watu wote walishamwambia dawa tangu mwanzo, walimwambia usiwe nao! Ni kama umwambie mwenye pumu usiwe na pumu. Na sisi wenyewe tunasema wasiwasi ndiyo akili, tunamsifia mwenye wasiwasi kwamba yuko makini, halafu akizidisha tunamwambia anadeka. Neno moja linabeba mtu aliyechelewa basi na mtu ambaye hajatoka ndani wiki tatu.

Mi ningekuwa mtafsiri ningechanganya. Tuna mchecheto, tuna wahka, tuna kiherehere cha moyo, tuna kihoro, tuna fadhaa, tuna roho juu, tuna tumbo joto. Pale mlangoni ana mchecheto. Kwenye foleni kile ni kihoro, huwezi kukiita vingine. Usiku anapoangalia dari ni roho juu tu, haishuki. Na siwalaumu wenye lugha peke yao, hata madaktari wenyewe kile kitabu cha Wamarekani cha kuainisha magonjwa ya akili ni mwaka 1980 ndo kilitenganisha paniki na ule wasiwasi wa moja kwa moja, kabla ya hapo vilikuwa kapu moja. Siku hizi kipimo chao kimojawapo ni muda, wanataka uwe umesumbuka siku nyingi kuliko za nafuu kwa miezi 6 au zaidi, na ushindwe kuuzuia, na uingilie maisha yako, kulala kwako, kazi yako. Mtu mwenye mtihani kesho hayumo humo. Basi hata mstari mmoja wa maandishi ungesaidia, wasiwasi huu si ule.

Halafu mchambuzi wenu kalalamika kwamba hatuambiwi binti kapatwa na nini. Anasema kama angekuwa kafiwa, au kaachwa, au kafanyiwa kitu kibaya utotoni, tungemwelewa. Hapa ndo nataka tugombane kidogo. Kwanza ni kweli kwa wengine kuna kitu kilitokea, sikatai, mtu aliyepitia mabaya yuko kwenye hatari zaidi. Ila wengine hakuna. Wengine ni mwili walivyozaliwa nao na nyumba waliyokulia na vitu vidogo vidogo vilivyojipanga bila mtu kuviona. Mdogo wangu kaulizwa hilo swali la nini kilikupata mpaka ikafika mahali akawa anatafuta kumbukumbu usiku, anachimba utoto wetu wote, akaanza kumshuku mjomba ambaye hana kosa lolote, masikini ya Mungu, kwa sababu kila mtu alimwambia lazima kuna sababu. Wasiwasi wa kutafuta chanzo cha wasiwasi. Muvi kumnyima binti sababu, mi naona ni heshima.

Na hilo linawezekana kwenye muvi za hela ndogo tu. Mwenye hela kubwa hakubali, atakwambia watazamaji wanataka kujua kwa nini, weka ajali, weka mume mlevi, na dakika ya 70 weka mtu wa kumwokoa. Si jambo jipya. Mwaka 1974 huko Marekani John Cassavetes alitoa muvi ya mama wa nyumbani anayevurugikiwa akili na familia isiyojua imfanyeje, ikabidi aweke nyumba yake rehani apate hela ya kuitengeneza, mkewe Gena Rowlands ndo akacheza, ikaja kumpa jina kwenye orodha ya kugombea Oscar. Ya hivi haijiuzi kwa maelezo ya sentensi mbili, mpaka mtu aikae. Hii yetu nayo inaonekana kabisa hela hakuna, nyumba ni moja, taa ni ya dirishani, watu wanaozungumza hawazidi sita, na picha yenyewe imebanwa karibu mraba kama ya televisheni za zamani, pembeni kweusi. Nilidhani ni kosa la mashine yetu. Kumbe makusudi, binti hana pa kusogea, ukuta huku ukuta kule, na siku ile moja anapokaa nje kwenye ngazi anapigwa na upepo ndo unaona walau juu kuna anga.

Sasa isionekane naisifia tu. Kuna mahali imenikera na mchambuzi wenu ndo alipopasifia, ajabu kabisa! Mwishoni. Binti anapewa dawa, anameza usiku, asubuhi mapazia yanafunguliwa, jua, anatabasamu, anatoka. Mdogo wangu hapo kila mara anatoka chumbani, anasema muvi yake inaishia kabla ya pale. Zile dawa wanazoanza kuwapa watu wengi zinachukua wiki kadhaa ndo usikie tofauti, na siku za mwanzo wengine ndo wanahisi vibaya zaidi, kichefuchefu, usingizi umeruka, na mtu asipoambiwa hivyo ataacha siku ya nne, kama alivyoacha yeye mara ya kwanza. Zipo zinazotuliza hapo hapo, ndiyo, zile za jamii ya diazepamu, ila hizo zinazoeleka mwilini, ndo maana madaktari wanazitoa kwa tahadhari na kwa muda mfupi. Na kwa wengi dawa si peke yake. Mdogo wangu kilichomsogeza ni mazungumzo na mshauri na ile kazi ya kuchosha ya kujizoesha, unapanga hofu zako kama ngazi, unaanza na ya chini. Wiki ya kwanza kazi yake ilikuwa kutoka nyumbani bila kupiga picha jiko, akatembea mpaka kona tu akarudi, dakika 6, akarudi analia na kajivunia. Hiyo ndo ingekuwa mwisho wa muvi. Kona, dakika 6. Ila naelewa, pengine na wao kuna mtu aliwaambia weka jua.

Na ile mfuko wa karatasi! Rafiki anampa binti mfuko apumulie, huo ushauri madaktari siku hizi hawaupendi, maana kama aliyebanwa kifua kumbe ni pumu au moyo kweli utamdhuru. Nimeliandika kwa sababu najua mtu ataona kwenye muvi atafanya.

Ombi langu kwenu si kubwa. Mwambieni mchambuzi airudie ile sini ya mlango, usiku, avae hedifoni, asisome meseji, na asubiri friji. Akishaiona na bado akasema hakuna kinachotokea basi tutakuwa tumetofautiana kama watu wazima, sina neno. Na mkipata muvi nyingine ya hivi msimpe yeye peke yake, tafuteni na mtu ambaye anaishi na hiyo hali, waandike wawili, nusu ukurasa kila mmoja, picha ya staa mnaweza kuipunguza kidogo ni kubwa mno.

Barua hii nimempa mdogo wangu aisome kabla sijaituma kwa kuwa mambo ni yake. Ilimchukua siku mbili kunirudishia, alikuwa anafungua anafunga. Kakubali yabaki yote ya hospitali na ya picha za jiko. Kafuta sentensi moja ambayo nilikuwa nimeandika kwamba sasa amepona, kaandika juu yake kwa kalamu nyekundu "nani kakwambia". Na ile ya kwamba anahesabu vidole kasema nimekosea, si kwa gumba, ni kwa ulimi kwenye meno, vidole anaviangalia tu. Nimeiacha ilivyo ili muone na mi bado najifunza.

Ni mimi msomaji wenu, fundi simu